Kalamu Uliyoondoka Nayo

Kaka Aidani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nikianza bila shikamoo mkono unagoma, kwa hiyo ipokee tu.

Kwanza nikuambie: printa haikuwa na vumbi. Nimeifungua mara tatu tangu uondoke. Nimeipuliza, nimeifuta kwa kitambaa chako cha bluu, nimelitafuta lile ganda la kahawa ulilosema limejificha kwenye gurudumu. Ganda halipo. Printa ile ni safi kuliko meza ya meneja. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo tuliloachana nalo, na tangu siku ile limenikaa kifuani.

Ilikuwa Ijumaa. Foleni ya wakulima wa kahawa ilikuwa imefika barabarani, mizani zote nne zinapima, na tiketi ya gunia la yule mama wa Mpepai ikagoma kutoka. Ukasema vumbi. Nikakuuliza mbona siku za watu wachache haigomi. Ukasema watu wengi, vumbi jingi, na makarani wakacheka. Nikaona umenifanya kichekesho mbele ya watu, nikapandisha sauti: "Siyo vumbi, Kaka. Ni wewe."

Ulikuwa umesimama kwenye daftari kubwa, ile kalamu yetu ya pamoja, inayotundikwa msumarini, iko mkononi. Ukaitia kwenye mfuko wa shati, ukachukua begi, ukaenda kuwahi gari la Mbamba Bay, maana ulikuwa unakwenda Ngumbo kumwona mama yako. Jumatatu mchana tukaletewa habari. Walisema malaria ilipanda kichwani, siku mbili tu. Basi katika maneno yote tuliyowahi kusema, la mwisho ulilolisikia kwangu ndilo hilo.

Nimeandika sentensi hiyo, nikatoka nje kidogo, nimerudi.

Tangu ulipoondoka sina mtu wa kuongea naye. Nisikilize vizuri: watu wapo. Mbinga imejaa watu kuliko zamani, siku hizi kila mwezi inafunguliwa ofisi nyingine ya kununua kahawa, na hapa kazini wananisalimia vizuri, wananiletea hata mihogo. Lakini nikiona kitu kizuri ndani ya programu yako ya mizani na tiketi, au kitu cha ajabu, nageuka kwenye kiti chako na mdomo umeshafunguka. Nani mwingine hapa nimweleze kwamba mtoto wa programu ameganda? Nilijaribu kwa mdogo wangu wa kike nyumbani. Akaniuliza kama amepelekwa hospitali. Nilicheka, halafu nikakaa jikoni peke yangu na ule moshi, nikalia, nikasingizia kuni mbichi.

Ngoja nikusomee somo lako, uone kama nililishika. Nilikuja hapa kuchapa barua tu. Wewe ndiye uliyeniwekea kile kitabu chako cha programu kisicho na jalada mbele yangu ukasema, "Mdogo wangu, vidole unavyo, sasa tafuta la kuvifanyia."

Programu ni moja, ila ndani yake kuna nyuzi nne za kazi, kila mizani na uzi wake. Zote zinaishi nyumba moja, zinatumia kumbukumbu moja ya kompyuta. Na zote zinaandika kwenye faili moja la kumbukumbu za siku. Zikiandika kwa pamoja, maandishi yatavurugika, kwa hiyo ukaweka kufuli: uzi unaotaka kuandika unalishika kufuli kwanza, unaandika, unaliachia, na nyingine zinasubiri. Niliposhindwa kuelewa ulinitoa nje hadi kwenye chumba cha mizani ukanionyesha msumari.

Msumari wenyewe ulikuwa wazo lako, baada ya makarani wawili kugombania daftari hadi likachanika. Kalamu moja yenye kitanzi cha uzi, inaning'inia ukutani. Aliyeichukua ndiye anayeandika. Akimaliza anairudisha mwenyewe. Kumpokonya mtu mkononi ni mwiko, na kuleta kalamu nyingine ni mwiko zaidi, kwa sababu kalamu mbili ni watu wawili kwenye ukurasa mmoja. Mzee Gotfridi wa mizani ya pili aliishika sheria hiyo kuliko sisi tulioitunga. "Ndiyo kufuli hiyo," uliniambia, na tangu siku hiyo sikuikosea tena.

Basi gunia likishapimwa, programu yako inajigawa. Inaita amri ya fork, inazaliwa nakala yake, mtoto. Mtoto anaandika kwanza kwenye faili, "naanza kutoa tiketi ya fulani," kisha anavua mwili wa programu yetu na kuvaa wa programu ya kuchapa, na tiketi inatoka. Ulipoijaribu ulikuwa peke yako, na mizani moja na gunia moja la mchanga. Ilikwenda vizuri. Mimi mwenyewe nilikushangilia.

Baada ya kukuzika hali ikawa mbaya. Msimu ulipamba moto, na tiketi zikawa zinagoma mara tatu, mara nne kwa siku. Nilikuwa nikichungulia kwenye kompyuta naona watoto wamejipanga, hawafi, hawafanyi kazi, wamekaa tu. Makarani wakaanza utani kwamba mashine imekukumbuka. Utani ule ulinichoma, nikajifanya sijasikia. Halafu meneja akaniita. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia: "Hyasinta, programu ya marehemu imetusaidia, lakini wakulima siku hizi wana pa kwenda. Tukiwachelewesha wanavuka barabara. Isipokaa sawa hadi Jumamosi ijayo, naagiza nyingine Dar es Salaam, hii tuifute."

Tuifute. Nilirudi kwenye kiti nikafungua faili la programu yako, yale maelezo yako ya pembeni uliyoandika kwa Kiswahili na matani yake. "Hapa usiguse, nililia." "Hapa Hyasinta ataniuliza." Nikafikiri, hiki ndicho kilichobaki cha huyu mtu Mbinga nzima. Kaburi lako liko Ngumbo, siku nzima ya safari. Kikifutwa hiki, nitakuwa sina pa kukukuta.

Nikafanya kosa ambalo ungenigombeza. Nilishaona kwamba mtoto anaganda kwenye kufuli la faili, sikujua kwa nini, basi kwa pupa nikamwandikia alifungue kwa nguvu na kuendelea. Tiketi zikatoka! Nilitembea kwa maringo siku nzima. Jioni nikasoma faili la siku, nikakuta mstari una nusu ya jina la mkulima mmoja na nusu ya jina la mwingine, uzito wa huyu umekaa kwa yule. Mtoto alikuwa ameingilia sentensi ambayo mwenzake hajaimaliza. Nikayafuta niliyoandika, nikarudi pale pale kwenye watoto walioganda. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Kilichonifumbua macho ni ule msumari.

Unajua kwamba haukuwa na kalamu? Uliondoka nayo, wewe mtunga sheria. Jumamosi ile walisubiri kalamu hadi mchana, daftari halikuandikwa. Duka la kalamu liko mkabala, na hakuna aliyevuka. Baada ya msiba ndiyo kabisa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka nyingine. Kwa wiki tano, Kaka, watu wazima walikuwa wanakuja kwenye meza yangu kuniambia uzito kwa mdomo, na mimi nauchapa kwenye karatasi, na daftari limefunguliwa ukurasa ule ule wenye mwandiko wako. Mimi nami sikusema kitu. Nilikuwa naupenda ukurasa ule.

Alhamisi akaja yule mama wa Mpepai, wa tiketi ya ile Ijumaa. Akaona makarani wawili wamesimama mbele ya daftari mikono mitupu, gunia lake liko chini. Akauliza, "Baba zangu, mnamsubiri nani?"

Mzee Gotfridi akamjibu kwa adabu yake yote, "Kalamu anayo Aidani."

Yule mama akawatazama. "Aidani si tumeambiwa mmemzika?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Gotfridi alivua kofia. Na mimi nilikuwa mlangoni na karatasi zangu, nikaona yote mara moja, nikakaa juu ya gunia.

Kwa sababu fork hainakili nyuzi zote. Inanakili nyumba, inanakili daftari, inanakili msumari ulivyo dakika ile ile, lakini ndani ya nyumba mpya anaingia mmoja tu, ule uzi ulioita. Kama dakika ile uzi wa mizani nyingine ulikuwa umelishika kufuli ukiandika, mtoto anazaliwa na kufuli lililofungwa, na aliyelifunga hakuja naye. Hayupo katika nyumba ile wala hatakuja. Mtoto anasubiri kwa adabu, kama Mzee Gotfridi, na atasubiri mpaka jenereta ya ofisi izimwe. Na ndiyo maana ni siku za foleni tu! Mizani moja ikifanya kazi hakuna mwingine wa kushika kufuli. Hukuweza kuliona na gunia lako la mchanga. Nisingeliona hata mimi.

Nilirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Usihofu, sikugusa ulipolia. Sasa mzazi ndiye anayeandika kwenye faili, kabla ya kujigawa, akiwa bado na wenzake wote. Ndiye anayeandaa jina, uzito na kila kinachohitajika. Mtoto akizaliwa haandiki, haombi nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hagusi kufuli lolote, hata yale tusiyoyaona, ya ndani ya maktaba, yaani programu tulizoazima kwa wengine. Anavaa mwili mpya papo hapo na kwenda. Akishindwa kuuvaa, anatoka kimya bila kufagia nyumba ambayo si yake. Kitabu chako kinasema kuna njia nyingine, ya kushika makufuli yote kabla ya kugawanyika na kuyaachia pande zote mbili baadaye. Nimeisoma. Nimeona makufuli ya maktaba siyajui yote, nikachagua mtoto asiyeomba kitu. Ungebishana nami hapa, najua. Nimekuachia nafasi ubishane.

Ijumaa na Jumamosi mizani nne zilipima kutwa, hakuna mtoto aliyeganda. Meneja alikuja kutazama, akasema, "Basi tuiache." Ni hayo tu. Nilitaka kukimbia nikuambie, nikageuka kwenye kiti.

Kwa hiyo nilikwenda Ngumbo kwenye arobaini yako. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anaanua dagaa. Alinipokea, akanikalisha, na kwenye kitabu chake cha nyimbo nikaiona kalamu ile, kitanzi chake cha uzi kinaning'inia, ameitia pale kwenye ukurasa. Ilikuwa kwenye shati lako. Nilikuwa nimekusudia kuiomba. Sikuiomba.

Akaniuliza, "Mwanangu, mliachana vizuri?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia tuliachana tukibishana, na mimi ndiye niliyepandisha sauti. Nikangoja aniambie kitu. Nilitaka aseme ulifika nyumbani ukicheka, ukasema kuna binti kazini haambiliki. Alifikiri muda mrefu, kwa kuwa ni mkweli, akasema, "Alifika na homa tayari, mwanangu. Habari za kazini hakuzisema."

Ndivyo ilivyo. Sitajua ile Ijumaa uliondoka na hasira au na homa, wala kama ulinisamehe kabla ya kufika kona ya kwanza. Nilikaa wiki zote zile nikilisubiri jibu hilo, na anayelijua hayupo upande huu. Nilimwandikia mtoto wa programu asisubiri, mimi nikabaki nasubiri. Nisamehe, Kaka. Nalisema bila kungoja uitikie.

Na jambo moja, uliweke popote unapoweka mambo. Nilikuwa sahihi. Ilikuwa ni wewe, mstari mmoja wako, umekaa mahali pasipo pake. Ningefurahi zaidi kukosea, printa iwe na vumbi hadi juu, na wewe umekaa hapo unanicheka.

Nakuahidi nitaitunza programu yako. Kila nitakapobadilisha nitaandika pembeni kwa Kiswahili, na matani nitatia, ingawa yangu hayachekeshi kama yako. Na nitakapokwenda Ngumbo nitamsalimia mama, nitamsaidia na dagaa wake.

Barua hii naiandika kwa kalamu mpya. Nilivuka barabara mwenyewe nikainunua, nikaifunga kitanzi, nikaitundika msumarini, na Mzee Gotfridi ndiye aliyefungua ukurasa mpya. Nimeichukua asubuhi hii kukuandikia wewe, na sheria unaijua. Amesimama mlangoni sasa hivi, mikono nyuma, ananingoja nimalize. Kuna gunia kwenye mizani.

Kwaheri, Kaka. Naenda kuirudisha.

Mdogo wako,
Hyasinta