Milango Miwili, Shimo Moja

Baba,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuambia maneno mengi hivi. Mke wa mwanao angeanzaje kukueleza habari za choo? Nisamehe. Mwingine wa kumwambia sina.

Unakumbuka ulivyotufikia hapa Umoja na shati moja, nyumba yako imechomwa kule Bonde la Ufa? Choo chetu kilikuwa kimoja, ndani ya nyumba, na mimi mkweo nilikuwa nakitumia. Kwa mila zetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo, nawe hukukiingia hata mara moja. Ulikuwa unakohoa mlangoni ili nikupishe, unachukua fimbo, unaelekea mtaroni nyuma ya mabati. Mwanao alikusihi: "Baba, huku ni Nairobi." Ukamjibu, "Na mkwe wangu si ni yuleyule?" Nilikuwa jikoni, nikacheka kimyakimya. Niliona umenisifu. Sikujua mtaro ule ndio ungekuua. Kipindupindu kilikuchukua kabla hatujapata gari la kukupeleka hospitali.

Tangu tukuzike, wakimbizi wengine wa mapigano wamekuja. Uwanja wa kanisa letu umejaa mahema, na mimi nimepewa kazi ya maji na usafi. Natia dawa kwenye tangi, nasimamia foleni ya mitungi, nagawa sabuni, nagombana na wanaofulia chini ya bomba. Watu wa msaada walijenga choo kizuri cha zege, mlango wa wanaume huku, wa wanawake kule. Nilifurahi jamani! Halafu nikamwona Mzee Wanjala, aliyekimbia pamoja na mwanawe na Nekesa, mke wa mwanawe, anazunguka nyuma ya choo na kuinama kuchungulia. Milango miwili, shimo moja. Akashika fimbo yake, akaenda mtaroni.

Baba! Nilikuona wewe.

Ikabidi nisimame mbele ya kamati, wanaume pekee, niseme habari ya mkwe na choo. Nilisema nikitazama chini. Kijana mmoja wa watu wa msaada akacheka: "Mathe, choo ni choo. Wazee watazoea tu." Nikamwambia, "Wangu hakuzoea. Alikufa." Wakatoa mabati na vibarua wa kuchimba shimo la pili.

Mvua ikanyesha, udongo mweusi ukaporomoka, tukaanza upya. Kila asubuhi jambo la kwanza ni kumtafuta Mzee kwa macho. Yuko wapi? Anatembea sawasawa? Juzi hakutoka hemani nikashindwa hata kumeza chai. Nekesa hawezi kumwuliza mkwewe habari za tumbo, na mwanawe alikuwa ameenda kutafuta kibarua Industrial Area. Tukasimama pale nje ya hema, wanawake wawili, tunasikiliza kama anatapika. Kumbe ni mafua. Nekesa alicheka mpaka akalia, nami nikamfuata.

Leo choo cha wazee kimekwisha kujengwa. Kiko pembeni kabisa, mlango unatazama ukuta. Mwanawe amemwambia Mzee Wanjala. Nami nimekaa bombani na karatasi hii magotini, mara naandika, mara nasugua mitungi iliyokwisha takata. Mzee amepita mara mbili. Amechungulia, amegonga mabati kwa fimbo, ameenda zake. Mawingu yamefunga upande wa barabara ya Outer Ring. Akienda tena mtaroni sijui nitafanya nini. Ngoja, anarudi.

Baba, amekohoa! Kikohozi chako kabisa, kile cha kumwomba mwanamke apishe njia. Nimeacha mtungi ufurike, nimegeuka nikatazama tangi mpaka niliposikia mlango ukifungwa. Karatasi imelowa maji ya mtungi, ndiyo maana mwandiko umeharibika.

Mvua inakuja na bado naogopa lile shimo. Lakini nakuahidi, likiporomoka litachimbwa tena, na hakuna mke wa mtu atakayelikaribia, hata kwa kuosha. Mzee mwenzake Wanjala amekubali kuosha.

Pumzika sasa. Ulizikwa huku mjini, mbali na shamba lako, na najua jambo hilo halikukupendeza. Jumamosi nitakuja kupalilia kaburi lako. Nitakohoa kwanza.

Mkweo,
Mama Simiyu