Noti ya Mfalme Iliyogongwa Wino Mweusi

Baba,

Mahindi ya kule Chapwa yamekomaa, na Mama ameanza kula vizuri. Nyumba imetulia. Mimi ndiye bado.

Baada ya matanga yako wazee walimrithisha Festo jina lako, kama ilivyo desturi yetu Wanamwanga. Walimvika koti lako, wakamkalisha kwenye kigoda chako. Sasa watu wanamwita Yakobo, na sisi wanao tunatakiwa kumwita Baba. Festo, Baba! Kitinda mimba wako, niliyekuwa nikimbeba mgongoni nikienda kuteka maji. Mama humtania, "Mume wangu, kuni zimekwisha," naye huenda kupasua. Mimi namwita "wewe". Shangazi Neli alinisikia, akasema taratibu, "Ukikataa kumwita, unamzika kaka yangu mara ya pili."

Juzi Festo alikuja jikoni na kitu alichokikuta ndani ya koti. Ile noti ya Burundi.

Unakumbuka? Ulikuwa utingo wa lori la chumvi, ukarudi nayo kutoka Kigoma. Mfalme wao alikuwa ameondolewa, na benki yao changa ilikuwa haijachapa noti mpya. Ikachukua zile za zamani, ikagonga neno la jamhuri kwa wino mweusi juu ya neno la ufalme. Mwenye duka wa huko Kigoma, aliyezoea fedha za kila mpaka, aliigeuzageuza akacheka. "Mnamwanga, umepewa noti iliyochafuliwa." Ukacheka nawe, ukaitia mfukoni. Nyumbani uliniinulia noti hiyo kwenye mwanga wa dirisha.

"Soma," ukasema. Nikasoma neno jeusi.

"Na chini yake?"

Herufi za zamani zilikuwa bado zinaonekana.

"Dada, hii ni ya nini?" Festo aliniuliza. Dada. Kumbe naye ameshindwa kuniita mwanangu. Kisha, bila kunitazama, akasema anaogopa itafika siku hakuna atakayekumbuka kwamba aliitwa Festo.

Sikuwa nimeliwaza hilo, Baba. Nilikuwa nakulilia wewe tu.

Nikaiinua noti dirishani. Nikamwambia asome, kisha asome na chini yake. Alisogeza uso karibu, vile ulivyokuwa ukifanya wewe.

Pumzika, Baba. Kesho asubuhi nitampelekea uji pale kigodani, nimwite Baba mbele ya Shangazi na wote. Nakuahidi. Lakini tukibaki wawili jikoni nitamwita Festo, naye ataitika.

Mwanao,
Ana