Tulivyomuaga Furaha

Alhamisi, Nyakarenzo

Na tuliimba vizuri. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Furaha, rafiki yangu anayefundisha darasa la jirani, wamemuhamisha shule ya Muganza, mbali na kwao. Mama yake amepooza, hana muntu mwingine wa kumugeuza kitandani. Asubuhi aliingia mu chumba cha balimu, akauliza: "Nani ataenda na mimi kwa direkteri?"

Kila muntu aliangalia chai yake. Hata mimi. Peke yangu mbele ya mukubwa wa shule ningesema nini? Angenihamisha na mimi.

Mwaka jana niliwaomba balimu wenzangu tuingie sendika, tuwe na chama cha kututetea. Papa Inosenti, mwalimu muzee kuliko siye bote, alisimama: "Ya nini? Siye ni familia!" Bakapiga makofi. Furaha alipiga kuliko bote.

Na kweli ni familia. Saa sita Fanta zilikuwa mezani, kitenge cha zawadi kimefungwa, batoto bamepangwa kwa wimbo. Kuaga muntu tunajua sana.

Furaha alipokea kitenge, akakikumbatia. "Asanteni, familia yangu. Sasa nani kati yenu atakuwa anamugeuza Mama?"

Tukaanza wimbo wa pili.