Mtindi Uliokataa Kuganda

Mama Kuruthumu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa nautangazia umma wa Suma na Makandana, pamoja na wageni wote waliozoea kupita kwetu asubuhi, kwamba mtindi wa nyumbani kwangu umekataa kuganda. Leo ni siku ya tano. Marehemu hajazikwa, bado yumo kibuyuni. Nisaidie, maana anayejua sababu ya kifo ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyeua.

Nina miaka hamsini na minne, ni mfupi, nina meno mawili ya bandia, na kazi yangu ni kupokea maziwa ya wafugaji kwenye kituo cha kukusanyia. Jina langu usilitaje. Mke wangu Doreen nilimuoa miaka sita iliyopita nikiwa mgane, yeye akiwa ametoka Afrika Kusini alikokuwa na saluni, na kabla ya ndoa alinikalisha akaniambia, "Baba Winfrida, usije ukashtuka, matiti haya yana vipandikizi vya silikoni, niliviweka mwenyewe kwa hiari yangu." Nikamjibu kwamba hata meno yangu nililetewa kwenye kisanduku, kwa hiyo tumelingana. Tukacheka, tukafunga ndoa.

Sasa mwaka wa tatu huu anaumwa, viungo vinamkaza, anachoka kabla ya kuanza kazi, anasahau alichofuata chumbani, na hospitali tulizozunguka zinasema malaria hakuna, taifodi hakuna, damu safi, na wengine wakamwambia ni mawazo tu, neno ambalo lilimuuma kuliko viungo vyenyewe. Hatimaye tukampata Daktari Elina, mtoto wa hapa hapa Rungwe anayefanya utafiti Dar es Salaam, akasema wapo wanawake wengine wenye vipandikizi wanaoumwa hivi, sababu haijajulikana, lakini wanachunguza kama kuna bakteria wanaojibandika kwenye kipandikizi, wakajifunika utando na kukaa humo miaka, kimya. Huenda ndiyo, huenda siyo.

"Ni kama kibuyu cha mtindi, baba," akaniambia kwenye simu. "Unakisuuza, lakini ule utando wa ndani unabaki, na maziwa mapya ukiyamimina yanaganda."

Hapo nilielewa kuliko profesa. Vipandikizi vitatolewa tarehe ishirini na nane mwezi huu, viende maabara moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja, kwamba wiki nne kabla ya hapo Doreen asitumie antibayotiki yoyote bila daktari kuamua, maana dawa zinaweza kuwaficha hao bakteria na kipimo kikasema hakuna kitu kumbe kipo. Nami nilikuwapo, simu ikiwa kwenye spika, nikaitikia kama ninavyoitikia kanisani, yaani kwa sauti nzuri na bila kusikiliza sana.

Jumatatu nikamkuta amekaa mbele ya mkungu wa ndizi, kisu kimelala mapajani, vidole havikunjiki. Nikamwambia, "Si umeze dawa tu?"

"Nikimeza, watakuta nini?"

"Watakuta umepona."

"Baba Winfrida, niache."

Sikumwacha. Kabatini kulikuwa na vidonge kumi vya antibayotiki, vya rangi mbili, vilivyobaki nilipong'olewa jino, na Doreen ana kibuyu chake kidogo cha mtindi ambacho hakuna mwingine anayekigusa, basi kila siku nikawa nafungua vidonge viwili na kumwaga unga wake humo. Ni mimi huyu huyu, Mama, ambaye mwezi uliopita nilimrudishia Nsajigwa ndoo yake mbele za watu kwa sababu ng'ombe wake alichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele na siku za kungoja dawa iishe hazijatimia, nikamhutubia kwamba dawa ikiingia kwenye maziwa mtindi haugandi.

Haukuganda. Shemeji Esnath, dada yake Doreen aliyekuja kutusaidia kazi, akasema, "Shemeji, ng'ombe wako huyu amewekewa mkono wa mtu," akamwita Mzee Erasto wa kanisani, naye akamwombea Madamu, ndilo jina la ng'ombe, robo saa nzima akiwa amemshika pembe, nami nikasema amina. Madamu alikuwa ananitazama mimi tu. Doreen maziwa anayanywa hivyo hivyo, anasema maziwa ni maziwa.

Sasa nikisema, upasuaji utaahirishwa, ataendelea kuumia, na atajua ni mimi. Nikinyamaza, labda isionekane. Nifanyeje? Naomba unijibu kwa upole.

Ndimi, Mzito wa Kusema, Suma.

*

Mzito wa Kusema,

Upole nimeutafuta kwenye meza yangu yote, sijauona. Jina lako sitalitaja kama ulivyoomba, ingawa umenitajia la mkeo, la binti, la shemeji na la ng'ombe, kwa hiyo pale Suma usitegemee kujificha.

Nakuonea huruma, hilo nalisema kwanza. Kumtazama umpendaye akishindwa kushika kisu si jambo dogo. Lakini mkeo alikuambia umwache, na wewe ukampitishia kibuyuni. Je, kama dawa ile ingemdhuru mwilini, angejua nini cha kumwambia daktari? Mtu mzima haponywi kwa kuviziwa, baba.

Halafu tazama unachotaka kukinyamazia. Mwanamke huyu ameambiwa miaka mitatu kwamba anaumwa mawazo. Amepata watu waliokubali kumchunguza, na hata wao hawajui watakachokuta. Akienda na dawa yako tumboni, karatasi ikarudi imeandikwa "hakuna", hatajua milele kama kweli hakuna au ni wewe. Na wale watafiti watalihesabu jibu lako la uongo pamoja na majibu ya wanawake wengine. Ndoo ya Nsajigwa uliikataa kwa kosa dogo kuliko hili.

Mwambie leo, si kesho baada ya chai. Nenda na pakiti tupu mkononi ili usipunguze hesabu. Mbele yake mpigie Daktari Elina, useme ni dawa gani na siku ngapi, na wao ndio waamue tarehe. Maziwa ya kibuyu hicho yamwage. Shemeji yako na Mzee Erasto waambie ukweli, Madamu arudishiwe heshima yake. Na kuanzia sasa ndizi umenye wewe.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia kwa simu siku ile ile, kwa sababu daktari hawezi kusubiri gazeti. Miezi miwili baadaye akaniletea maneno yafuatayo, na yeye na mkewe wameruhusu yote yachapwe, majina pia.

Mama Kuruthumu, ndaga, yaani asante kwa kwetu.

Ningependa kukuambia nilikiri kishujaa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwanza zizini kufanya mazoezi, nikamweleza Madamu kila kitu, pakiti mkononi, nikafika hadi kwenye "nisamehe sana". Nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa mabanzi:

"Umemaliza kumwomba ng'ombe? Sasa zamu yangu."

Ni Doreen, alikuwa ameleta majani ya ng'ombe. Akaniuliza vingapi, nikasema kumi. Tangu lini, Jumatatu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema taratibu, "Miaka mitatu wananiambia ni mawazo, Andrea. Wewe ungewapa na cheti." Tangu tuoane hakuwahi kuniita kwa jina.

Upasuaji ulisogezwa wiki nne. Aliumia wiki zote nne, na nilihesabu kila siku kwa sababu ilikuwa yangu. Ndizi nilimenya mimi, nyembamba kama penseli, Esnath akisema, "Shemeji, ganda tumpe Madamu au tule sisi?" Mzee Erasto alinisamehe, lakini mbele ya kanisa alishukuru kwamba ng'ombe yuko salama kiroho.

Vimetolewa, sampuli ziko maabara. Majibu hatuna. Viungo vina nafuu siku mbili, siku ya tatu hapana, na Daktari Elina hataki kutuahidi kitu, anasema mtu mmoja hawezi kulimaliza swali hili. Doreen anasema angalau safari hii wakikosa kitu, watakuwa wamekikosa kweli.

Siku ya kulazwa walitupa fomu. Paliulizwa dawa alizotumia miezi mitatu iliyopita, na mbele yake, iliagizwa na nani. Doreen akanipa kalamu. Nikaandika: "Na mume, mpokeaji wa maziwa." Akaisoma, akaichukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake: "Ameshakatazwa."