Ndoo Ishirini za Kumwaga

Kurasini, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Julai 1974
Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Newala.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Natumaini goti limepoa na huko kwenye kijiji kipya mmeshamaliza kuezeka. Ndugu balozi wa nyumba kumi anayekusomea barua hii naye namwamkia, na namwomba asome polepole, maana leo nina la kukiri. Mie mzima, ila mabega yananiuma kwa kuvuta kamba.

Uliniuliza kwa nini sirudi. Ni kisima kimoja tu kinachonizuia. Nilikwambia kwamba hapa palikuwa ghala la mafuta, na tangi moja likavuja chini kwa chini mpaka kisima cha majirani kikanuka mafuta ya taa, kikafungwa. Tangi limeng'olewa, udongo mbovu umeondolewa. Kazi yangu ni kuteka maji katika visima vitatu tulivyochimba kwa ajili ya kupimia, kujaza chupa kila mwezi na kuzipeleka maabara. Kila kisima kikitoa majibu safi mara tatu mfululizo, kazi inafungwa, majirani wanarudishiwa maji yao, nami napewa ruhusa. Viwili vilimalizika tangu Februari. Cha tatu, kilicho karibu na lilipokuwa tangi, kila mwezi jibu lilikuwa lile lile: mafuta yamo.

Majirani walinichoka. Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo anayeuza mihogo ya kuchoma langoni kwetu, kila akipita na ndoo kwenda kuomba maji mbali ananiambia, "We Mmakonde, kisima chetu kinafunguliwa lini? Au mnakichonga kwanza?" Nacheka, lakini inaniuma. Najua uzito wa ndoo ya mbali.

Sasa, Mama, kosa lilikuwa langu. Utaratibu ni kwamba kabla ya kujaza chupa unateka ndoo ishirini na kuzimwaga kwenye mapipa, maana maji yaliyolala kisimani hayasemi kweli; yanatakiwa yale mapya yanayoingia kutoka ardhini. Mie nilikuwa namwaga mbili tatu, zilizobaki nazirudisha kisimani. Mkono ulikataa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukishuka bondeni alfajiri na mtungi, na siku ile nilipomwaga kata moja ukanichapa, kisha ukalia wewe. Nikasema moyoni, maji ni maji hata yakinuka, ardhi itayachuja.

Mwezi wa Aprili msimamizi wetu, Ndugu Lyimo, mtu wa Kilimanjaro, akanikuta nainamisha ndoo juu ya kisima.

"Fabiani! Unafanya nini?"

"Narudisha maji, Ndugu."

"Unarudisha mafuta! Yanaelea juu, unayateka, halafu unayarudisha mwenyewe. Miezi yote hii?"

Nikamweleza habari ya kwetu. Nilidhani atanifukuza. Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Kwetu mfereji unapita nyuma ya nyumba," akasema. "Ningezaliwa kwenu, labda hata hizo mbili nisingemwaga. Haya, shika kamba. Leo tunamwaga wote."

Tukamwaga ishirini. Kila moja niliimwaga nikitazama pembeni.

Mwezi ule mafuta yalikuwepo bado, ila kidogo. Mei, safi. Juni, safi. Chupa ya Julai nimeipeleka juzi na sina wasiwasi nayo: ndoo ya ishirini na moja, niliyojazia chupa, haikuwa na utando wala harufu. Bi Mwanaidi nilimweleza ukweli wote. "Kumbe ni wewe uliyenitembeza!" akasema. Akaninyima muhogo siku tatu, ya nne akanipa wa bure.

Nisalimie dada Rosa anayekutunza, na mjomba Simoni. Mwambie patasi zake za kuchongea vinyago nimeshazipata.

Majibu yanatoka mwisho wa mwezi. Nitakuwa nyumbani katikati ya Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Siku hiyo usishuke bondeni, Mama. Mtungi niachie mlangoni, na anayetaka kumcheka mwanamume aliyejitwika maji, acheke.

Mwanao,
Fabiani