Kabula Anasikia

Dada Neema,

Mwangaluka, kama wanavyosalimiana Wasukuma. Huku Nkololo jua ni kali na pamba imepasuka mashambani. Jana mimi na wahudumu wenzangu wa afya tulikuwa nje ya zahanati tukiwaeleza wazazi dalili za mwanzo za usonji. Walikuwepo Mama Kabula, mwanawe na mama mkwe wake. Kabula ana miaka mitatu, haitiki akiitwa jina lake wala hamtazami mtu usoni. Kutwa anapanga vifuniko vya soda kwa mstari. Nyumbani walishaamua kuwa ni kiziwi, na bibi alitaka apelekwe kwa mganga.

Ng'ombe wenye kengele shingoni wakapita kwa mbali. Kabula akaziba masikio.

“Kumbe anasikia,” bibi akasema. “Mbona basi tukimwita haitiki?”

Nikamweleza kuwa huenda ni usonji, apimwe hospitali, na kwamba hajarogwa wala mama yake hakukosea chochote. Akisaidiwa mapema, atajifunza mengi.

Leo asubuhi nimewakuta wakisubiri gari la kwenda hospitali, Bariadi. Bibi ndiye aliyembeba mtoto.

Mimi nashiba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nimewakumbuka sana, wabusu watoto.

Mdogo wako,
Rehema