Hesabu Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni 1912

Nimekataliwa. Nilimwendea mwalimu Eliamini baada ya masomo, nikamwambia nataka kazi ya kufundisha watoto wadogo hesabu pale misheni, kazi ya malipo. Alinitazama kama mtu aliyeombwa ng'ombe wake wa maziwa. Akasema wasichana hufundisha kushona, na kushona hakulipwi kwa kuwa ni utumishi. Nikasema hesabu zangu ni nzuri kuliko za Lerionka, mvulana ambaye amepewa kazi hiyo juzi tu. Akasema anajua. Anajua! Kisha akafunga mlango.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani Elerai hakuna mwingine anayekisoma. Yeyo akiona mwanawe anaandika hudhani nanakili zaburi. Mama yangu huyo, mwache adhani.

Baridi. Mlima hatujauona tangu Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni

Mdomo wangu huu.

Tulikuwa sokoni mjini, mimi na yeyo, na vibuyu vyetu vya maziwa. Akaja mama mmoja wa pwani, mnene, kanga mbili mpya, akawa anamwuliza kila mwanamke kama anamjua mwanamke anayejua hesabu. Si mwanamume — mwanamke. Mumewe ana duka, husafiri, naye huachiwa duka na kila mtu humdanganya. Mumewe hataki mwalimu wa kiume aingie ndani. Wanawake wakacheka. Mmoja akamwambia atafute kwanza kuku mwenye meno.

Nikasema, "Mimi."

Sikufikiri. Lilitoka tu, kama chafya. Yule mama akanigeukia, akatazama shuka langu la lubega na shanga zangu, akaniuliza saba mara nane. Nikamjibu. Akaniuliza tisa mara kumi na mbili. Nikamjibu. Akasema, "Sasa mimi nitajuaje kama ni kweli?" Akacheka mpaka akashika kibuyu changu asianguke. Jina lake Bibi Arafa, mke wa Bwana Shomari, watu wa Pangani. Nyumba yao iko nyuma ya duka la chumvi na nguo. Nianze Jumatatu. Rupia mbili kwa mwezi.

Yeyo alikuwa akiuliza kwa Kimaasai, "Anataka nini huyu? Anataka maziwa?" Nikamwambia ndiyo, kiasi fulani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia baba. Nilingoja mpaka ameshakula.

Baba Lomayani si mtu wa kupiga kelele. Aliuliza polepole, kama anayenunua dume.

"Hesabu zinauzwa?"

"Zinauzwa, baba."

"Ukimpa huyo mwanamke hesabu zako, wewe unabaki na nini?"

"Nabaki nazo zote."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamtazama yeyo, akamwambia katika maisha yake yote hajapata kusikia mali ya namna hiyo, unauza na zizi linabaki limejaa. Ikiwa ni kweli, basi ni ujinga kukataa, na ikiwa ni uongo, tutajua baada ya mwezi. Sharti moja: niwe nimerudi kabla ng'ombe hawajaingia.

Sasa nimelala kifudifudi juu ya ngozi nacheka ndani ya mkono wangu. Dada zangu wananiuliza nimeumwa na nini.

Jumatatu, 10 Juni

Somo la kwanza. Nilifika mapema mno, nikazunguka nyumba ya watu kama mwizi mpaka nikaona aibu, nikabisha hodi.

Kuna baraza mbele anapokaa Bwana Shomari na wageni wake. Kisha pazia zito la buluu. Nyuma ya pazia, chumba cha Bibi Arafa: mkeka, kitanda cha kamba, harufu ya udi. Mume nilimwamkia shikamoo nikipita. Ndevu nyeupe, kanzu safi, sauti nzito. Marahaba yake ilinifuata mpaka ndani. Watu wanakuja kwake kuamuliwa magomvi yao, nasikia.

Bibi Arafa anajua kujumlisha kwa kichwa, vizuri kabisa. Kutoa ndiko kunakomshinda. Nikamwandikia kwenye kibao: hamsini na mbili, toa ishirini na saba. Nikamwambia kama nilivyofundishwa mimi: mbili haiwezi kutoa saba, kwa hiyo inaazima kumi kwa jirani.

"Itarudisha lini?"

"Hairudishi, bibi."

"Hairudishi kabisa?"

"Kabisa."

Akaweka chaki chini. "Mwanangu, huko kwenu misheni mnafundisha watu hayo? Huo si mkopo. Huo ni wizi."

Nimesoma kutoa miaka minne na sijawahi kujiuliza. Nikasema nitamjibu Jumatano. Alicheka, akanipa maandazi, lakini kibao hakukigusa tena.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Nilipata jana nikikusanya kuni. Nilifunga maharage kumi kumi kwa nyuzi za mgomba, vifurushi vitano, na mawili huru pembeni. Nikamwambia, nipe saba. Akatazama yale mawili. Akatazama vifurushi. Akafungua kifurushi kimoja mwenyewe.

"Umemwibia nani?" nikamwuliza.

"Sikumwibia mtu. Yalikuwa yangu. Nimefungua mzigo tu."

"Ndiyo hivyo."

Akanikumbatia, maharage yakatawanyika chumba kizima, tukayaokota kwa magoti. Kutoka barazani sauti nzito ikauliza kuna nini. "Hesabu!" akajibu.

Nilikimbia njia nzima kurudi. Hakuna aliyenifukuza.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada mwalimu Eliamini akaniita kando. Amesikia ninakwenda nyumba ya Waislamu. Nikamwambia nafundisha hesabu tu, na saba mara nane haibadiliki ukivuka mto. Akakunja uso. Akatazama kama kuna anayesikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama wananilipa rupia taslimu au bidhaa.

Jumatano, 19 Juni

Tumeanza kugawanya. Na kuna jambo.

Kila ninapotaja kugawanya, barazani kunakuwa kimya. Leo wageni walikuwa wakizungumza juu ya reli iliyofika Moshi, mara wakaagwa, tena haraka haraka. Nikaona makubazi mawili chini ya pazia. Yamesimama. Vidole vimeelekea kwetu.

Bibi Arafa naye ameyaona. Akanikonyeza, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, "Mwalimu, hapo sijasikia vizuri. Rudia."

Nikarudia. Makubazi hayakuondoka.

Jumatatu, 24 Juni

Leo mume alikuwa msikitini, ndipo Bibi Arafa akaniambia.

Bwana Shomari ana wenziwe wawili wa Moshi. Kila mwaka hununua mzigo pamoja, majora ya nguo, kisha hugawana mafungu matatu. Anayegawa siku zote ni Selemani, mkubwa wao. Bwana Shomari huchukua anachopewa. Hajui kugawanya. Alijifunza Kurani, akajifunza bei, akajifunza watu, lakini hilo hakulipata. Na mtu anayeamua magomvi ya mji mzima atamwambia nani?

"Atakwenda Moshi Jumamosi," akasema. "Mimi sikukutafuta kwa ajili ya duka peke yake, mwanangu."

Nikamwuliza kwa nini bwana asiniite tu barazani. Akanitazama. Nikaona mwenyewe: mzee wa ndevu vile, na mimi msichana wa Elerai mwenye harufu ya maziwa.

Niko njiani nacheka, mara nafika mtoni naona si la kuchekesha. Halafu nacheka tena. Mimi nina wanafunzi wawili, na mmoja simwoni!

Alhamisi, 27 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo nilifundisha kwa sauti kubwa, kama nafundisha kanisa zima. Nikasema: majora arobaini na saba, watu watatu. Bibi Arafa alijua jibu, nilimwona usoni, lakini akaendelea kutafuna tambuu yake. Tukangoja. Makubazi yalikuwa pale pale.

Pazia likasema, "Kumi na sita."

Bibi Arafa akafunika mdomo kwa kanga. Jibu si hilo. Mzee wa watu, nyumbani kwake, naye amekosea.

"Bado, bwana," nikasema. "Kumi na sita mara tatu ni arobaini na nane. Jora moja litatoka wapi?"

Nikajua nimefukuzwa. Niliwaza rupia, nikamwaza baba.

"Kumi na tano," pazia likasema.

"Kumi na tano. Na yanabaki mawili."

"Hayo mawili ni ya nani?"

"Hesabu haisemi ni ya nani, bwana. Inasema tu kwamba yapo."

Nikasikia akikaa chini, mgongo wake ukiegemea ukuta upande wa pili. Akasema polepole, si kwetu, "Selemani husema yanakwisha sawasawa. Kila mwaka, sawasawa." Bibi Arafa hakucheka sasa. Alinyoosha mkono akaushika ukingo wa pazia, akaushika tu, hakulifunua.

"Mwalimu," akasema yule mzee. Aliniita hivyo. "Na yakiwa mia tatu na kumi?"

Tulikuwa tumefika kwenye mia ya pili nilipoona jua limeinama, ikabidi niondoke, ng'ombe wasinitangulie. Bibi Arafa alinisindikiza kwa mlango wa uani, akaninong'oneza nije kesho asubuhi, na keshokutwa, na siku nyingine hata asizozijua. Safari ya Moshi imesogezwa mbele. Bwana atatuma watu wawaambie wenziwe kwamba punda wake anachechemea.

Punda yuko uani, amefungwa kwenye mpapai kwa kamba ndefu. Nilipompita alikuwa anamfukuza jogoo.